Mtoto ni nani katika elimu inayomweka mtoto katikati?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomea ualimu wa elimu ya awali na msingi, na karibu katika kila somo tunaambiwa tufuate elimu inayomweka mtoto katikati. Ila naona kila mkufunzi ana mtoto wake. Mmoja anasema mtoto ni kama mmea, tumwache achanue. Mwingine anasema mtoto hujijengea maarifa mwenyewe. Wa tatu anasema mtoto ana haki, kwa hiyo tumsikilize. Nadharia yenyewe inamwona mtoto kuwa nani hasa? Utoto ni kitu cha kweli, au ni sisi watu wazima tuliouzua? Na mtoto akishakaa katikati, mimi mwalimu nakaa wapi? Kwenye mazoezi ya kufundisha mzazi mmoja aliniuliza kwa nini mwanawe anacheza badala ya kuandika, nikakosa la kumwambia.

Jibu: Marahaba. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu wengi hurukia mbinu, yaani madawati yapangwe vipi, vikundi viwe vingapi, ukutani kubandikwe nini, kabla ya kuuliza mtoto mwenyewe anadhaniwa kuwa nani. Wakufunzi wako wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja anamzungumzia mtoto mwingine. Chini ya jina hilo moja kuna picha tatu za mtoto, zilizozaliwa nyakati tofauti, na hazipatani katika kila jambo. Ukizichanganya bila kujua, asubuhi utafundisha kwa imani moja na mchana kwa nyingine, na watoto ndio watakaoyumba.

Nianze na kinachoziunganisha. Picha zote tatu zinakataa kumpima mtoto kwa upungufu wake. Kwa karne nyingi mtoto alielezwa kwa maneno ya kukanusha: hajui, hawezi, hajakomaa, hana akili bado. Wahubiri wengi wa Ulaya walimwona amezaliwa na dhambi, hivyo kazi ya malezi ikawa kumvunja utashi mapema. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwaka 1690, aliifananisha akili ya binadamu anapozaliwa na karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na wengi waliomfuata wakahitimisha kwamba mwenye kalamu ni mtu mzima peke yake. (Locke mwenyewe hakuwa mkavu kiasi hicho. Katika kitabu chake cha malezi cha 1693 anawahimiza wazazi waichunguze tabia ya kila mtoto na wafanye kujifunza kufanane na mchezo.) Kwa mtazamo wa namna hiyo utoto ni muda wa kusubiri tu. Thamani yake yote iko mbele, siku mtoto atakapokuwa mtu.

Aliyeugeuza mtazamo huo kwa nguvu kuliko wote ni Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, katika kitabu chake *Émile* cha mwaka 1762. Lawama yake kwa watu wa zama zake ni kwamba wanamtafuta mtu mzima ndani ya mtoto bila kujiuliza mtoto ni nani kabla hajawa mtu mzima. Kwake utoto una namna yake ya kuona, ya kufikiri na ya kuhisi, na hakuna upumbavu mkubwa kuliko kutaka kuweka namna zetu mahali pa hizo. Tena alikuwa na hoja ya kimaadili ambayo naona wakufunzi wengi huiruka, na mimi ndiyo inayonigusa zaidi. Wakati ule watoto wengi walikufa kabla ya kubalehe. Rousseau anauliza: tuseme nini juu ya elimu inayomtesa mtoto leo kwa ajili ya kesho ambayo huenda hataiona? Akifa akiwa na miaka kumi, alikuwa ameishi nini? Hapo utoto unapata thamani yake wenyewe, si ya kukopa kutoka utu uzima.

Lakini usimsome Rousseau nusu. Émile, mvulana wa kitabu hicho, akivunja kioo cha dirisha la chumba chake, mlezi hamgombezi wala hamhubirii. Anauacha upepo umpige usiku na mchana, kwa maana ni heri mafua kuliko ujinga wa kutojua matokeo ya tendo lake. Mfano huo hupendwa sana. Wachache huongeza jambo hili: mlezi huyo ndiye anayepanga kila kitu nyuma ya pazia. Rousseau anakiri waziwazi kwamba mwanafunzi aamini yeye ndiye bwana, na kumbe bwana wa kweli ni mlezi siku zote. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uhuru wa mtoto katika nadharia hii ulikuwa uhuru uliopangwa na mtu mzima. Halafu kuna Sophie, msichana wa sehemu ya tano, anayelelewa ili ampendeze Émile. Yule "mtoto" aliyetajwa kana kwamba ni kila mtoto alikuwa mvulana mmoja, tajiri, mwenye mlezi wake peke yake. Na mwandishi mwenyewe aliwapeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya watoto wanaotupwa. Sikutajii haya ili umdharau. Nayataja kwa sababu ufa ule bado uko katika nadharia, na nitaurudia.

Kutoka kwa Rousseau ndiko alikotoka mtoto wa mkufunzi wako wa kwanza, yule mmea. Johann Heinrich Pestalozzi alijaribu mawazo hayo kwa watoto maskini na yatima wa Uswisi, akasisitiza kichwa, moyo na mikono vikue pamoja. Aliyeipa picha ya mmea umbo kamili ni mwanafunzi wake Friedrich Froebel, aliyefungua taasisi ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye akaiita bustani ya watoto. Froebel aliamini kuna sheria ya kimungu ndani ya mtoto inayojifunua kutoka ndani kwenda nje, na kwamba mchezo ndio usemi wa juu kabisa wa nafsi ya mtoto katika umri ule. Serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, iliona wazo hilo ni la hatari kiasi cha kuzipiga marufuku shule zake mwaka 1851, marufuku iliyodumu hadi 1860.

Picha hiyo imetupa zawadi kubwa, yaani subira. Mwalimu anayeiamini hamkokoti mtoto wa miaka mitatu kwenye mistari ya kuandikia. Ila inaficha jambo zito. Lugha, hesabu, maandishi, desturi za kuzungumza na watu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya mtoto kikingoja mvua. Ni mali ya watu, na mtoto huipata kwa watu. Mmea haukuulizi swali na wala haukujibu. Mtoto hufanya yote mawili kabla hata hajaweza kusema.

Maria Montessori anasimama mpakani mwa picha ya kwanza na ya pili. Alikuwa daktari, na tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Kuna tukio alilolisimulia mwenyewe ambalo lafaa kutazamwa kwa karibu. Msichana wa miaka mitatu hivi alikuwa akitoa vipande vya mbao vya mviringo kutoka kwenye matundu yake na kuvirudisha, kila kipande tundu lake. Montessori akawaambia wenzake waimbe na wazunguke chumbani. Msichana hakuinua kichwa. Akambeba pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza. Msichana alivikumbatia vipande vyake mapajani na kuendelea. Alirudia zoezi lile zaidi ya mara arobaini, kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huko akiwa na furaha kama mtu aliyeamka kutoka katika usingizi mzuri. Kilichomshangaza Montessori ni umakini ule ambao watu wa zama zake walikuwa wakisema mtoto mdogo hana. Tangu hapo mtoto katika nadharia hii ni mfanyakazi, na kazi yake ni kujijenga mwenyewe. Lakini tazama tena ni nani aliyevichonga vile vipande, akavipanga kwa ukubwa, akaviweka mahali mtoto anapofika kwa mkono wake.

Mtoto wa mkufunzi wa pili, yule anayejijengea maarifa, ana baba wawili ambao mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja ingawa hawafanani. Wa kwanza ni Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Mchango wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni namna alivyotufundisha kulisikiliza kosa. Unajua jaribio la maji: bilauri mbili zinazolingana zina maji sawasawa, mtoto anakubali ni sawa, kisha unamimina moja kwenye bilauri nyembamba na ndefu. Mtoto wa miaka minne au mitano atakwambia hii ndefu ina maji mengi zaidi. Kabla ya Piaget tungesema hajui. Piaget alisema anajua kwa namna yake: ameshika kipimo kimoja, kimo, na anakitumia bila kujipinga. Fikra yake ina mpangilio, ila si mpangilio wetu. Mwalimu anayelielewa hilo huacha kukimbilia alama ya kosa na huuliza, "Umejuaje?"

Hata hivyo, mwanasaikolojia Margaret Donaldson alionyesha katika kitabu chake cha 1978 kwamba watoto wengi walioshindwa majaribio ya namna hiyo walikuwa wakijaribu kuelewa mtu mzima anataka nini. Mtu mzima amekuuliza kama ni sawa, umejibu ndiyo, kisha amebadilisha kitu mbele ya macho yako na kurudia swali lilelile. Mtoto mwenye akili si atadhani jibu linatakiwa libadilike? Swali lilipowekwa katika mazingira yenye maana kwake, watoto wadogo waliweza zaidi ya walivyodhaniwa. Kwa hiyo zile hatua za umri unazozikariri kwa ajili ya mtihani zichukue kwa tahadhari. Ni ramani ya jumla, na mtoto aliye mbele yako hajaisoma.

Wa pili ni John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu yeye ndiye ninayemwamini kuliko wote. Alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Anasimulia kwamba alipozunguka madukani kutafuta meza na viti vya watoto, muuzaji mmoja makini kuliko wenzake alimwambia: ninyi mnataka kitu ambacho watoto watafanyia kazi, na hivi vyote ni vya kusikilizia. Historia nzima ya darasa la kimapokeo imo katika maneno ya muuza samani yule. Samani ziliundwa kwa ajili ya mtoto fulani, mtoto wa kupokea.

Dewey anatoa maana ya utoto ambayo sijaona bora kuliko hiyo. Katika kitabu chake cha 1916 juu ya demokrasia na elimu anasema kutokomaa si pengo, ni uwezo, yaani nguvu ya kukua. Nguvu hiyo ina sehemu mbili. Moja ni kutegemea wengine, ambako sisi hukuona udhaifu tu. Dewey anakuona ni kipawa cha kijamii, kwa sababu mtoto ana hisia kali ya kusoma nyuso, sauti na nia za watu, na kwa kipawa hicho huwavuta wamsaidie. Nyingine ni unyumbufu, ule uwezo wa kuchukua jambo kutoka tukio moja na kulitumia katika jingine. Mtu mzima amejazana mazoea. Mtoto anaweza bado kugeuka. Kwa mtazamo huo kukua hakuna mwisho, na mtu mzima mwenye kujifunza anahitaji kubaki na kitu cha utoto.

Lakini mtoto wa Dewey si mmea. Chukua mfano kutoka shule yake. Watoto walipewa pamba mbichi na sufu ya kondoo, wakaulizwa kwa nini kihistoria mavazi ya pamba yalichelewa kuenea kuliko ya sufu. Hawakusomewa jibu. Kundi moja lilikaa dakika 30 likichambua nyuzi za pamba kutoka kwenye tumba na mbegu zake, na likapata chini ya gramu 30. Vidole vyao viliwaambia kwa nini mababu walivaa sufu, na kwa nini mashine ya kuchambua pamba ilibadilisha mambo mengi ilipokuja. Hapo kuna udadisi wa mtoto, kweli, ila kuna pia historia, jiografia, uchumi na fizikia, na kuna mwalimu aliyejua tangu mwanzo njia ile inaelekea wapi. Mtoto peke yake asingeifikia, na kitabu peke yake kisingeifikisha.

Ndiyo maana mwaka 1902 Dewey aliandika kwamba mtoto na mtaala ni ncha mbili za mstari mmoja. Mapenzi ya mtoto leo ni dalili ya uwezo unaochipuka. Kuyazima ni kosa, na kuyabembeleza yalivyo ni kosa pia, kwa sababu yote mawili humwacha palepale. Na mwaka 1938, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alitoa kitabu kidogo cha kuwaonya wafuasi wake mwenyewe. Shule nyingi zilizojiita za kimaendeleo zilikuwa zimekataa utaratibu wa zamani bila kujenga utaratibu wao. Mwalimu, akasema, ndiye aliyekomaa kuliko wote katika kundi, hana haki ya kujificha.

Picha ya tatu, ya mtoto mwenye haki, ilikuja kwa njia nyingine. Mwasisi wake mkuu ni Janusz Korczak, daktari wa Poland aliyeongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi huko Warsaw tangu 1912. Alisisitiza kwamba mtoto hawi mtu baadaye, ni mtu sasa hivi, na heshima yake haingoji. Katika nyumba yake watoto walikuwa na mahakama yao, ambapo mtoto angeweza kumshtaki mwenzake au hata mlezi, na vifungu vingi vya sheria yao vilikuwa vya kusamehe. Agosti 1942 Wanazi walipowachukua watoto kuwapeleka kambi ya mauaji ya Treblinka, Korczak alikataa kuachana nao, akaenda nao kufa.

Wazo hilo leo liko katika Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989. Soma kifungu cha 12 kwa makini, kwa sababu watu hukitumia vibaya pande zote mbili. Kinasema mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa na kupewa uzito, hiyo ndiyo haki. Kuamua peke yake hakumo. Lakini hata kumkatalia kunahitaji kwanza umsikie kweli, na umweleze kwa nini.

Sasa swali lako la pili, la utoto kuwa wa kweli au wa kuzuliwa. Mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alidai kwamba Ulaya ya zama za kati haikuwa na wazo la utoto kama tunavyolijua. Mtoto alipoacha kuhitaji uangalizi wa mama, aliingia moja kwa moja katika kazi na starehe za watu wazima. Dai hilo liliwatikisa wengi, na lilipingwa sana. Mwanahistoria Linda Pollock, mwaka 1983, alipitia shajara na kumbukumbu za familia za Uingereza na Marekani kuanzia mwaka 1500, akaonyesha wazazi waliowapenda watoto wao, waliojua ni watoto, waliolia walipokufa. Jibu langu ni hili: mwili mdogo unaokua, unaohitaji kulishwa, kulindwa na kusemeshwa, huo haukuzuliwa na mtu. Maana ya mwili huo, kwamba mwenye nao acheze au afanye kazi, anyamaze au aseme, aende shule miaka mingapi, hiyo watu wameipanga na wanaendelea kuipanga. Wanasosholojia wa utoto, hasa tangu kitabu cha Allison James na Alan Prout cha 1990, wanaongeza kwamba watoto wenyewe nao hushiriki kuipanga. Hawamo tu ndani ya jamii wakifinyangwa.

Na hapa ndipo ule ufa wa Rousseau unaporudi. Nadharia hupenda kusema "mtoto" kwa umoja, na mtoto huyo huwa na wakati mwingi, vitu vingi vya kuchezea, na watu wazima wanaozungumza naye kwa lugha ya shule. Asiyefanana naye huonekana ana kasoro. Mtoto anayelea wadogo zake, anayejua kununua, kupika na kutuliza ugomvi, anaweza kuingia darasani akaandikiwa kwamba "hajui kucheza." Mwalimu Mmarekani mweusi Lisa Delpit, katika makala yake ya 1988, alilisema hili kwa uchungu. Anatumia mfano wa mtafiti Shirley Brice Heath: mwalimu anauliza, "Mkasi huu mahali pake ni hapa?" Kwa mtoto wa tabaka moja hiyo ni amri, amezoea amri zenye sura ya swali. Kwa mtoto mwingine ni swali tu, na asiporudisha mkasi anaitwa mkaidi. Mwalimu aliyeficha mamlaka yake kwa kudhani anamheshimu mtoto amemwadhibu kwa sheria ambayo hakuitaja. Kwa Delpit, kumfundisha mtoto waziwazi kanuni za lugha na za mamlaka ni kumheshimu. Mimi nakubaliana naye kabisa, na sioni kwamba kukubali huko kunanitoa katika elimu inayomweka mtoto katikati.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la wewe ukae wapi. Kosa linalorudiwa ni kudhani kwamba nadharia inayosema mtoto ni nani imekwisha kukupa mbinu moja. Haikukupa. Inakudai umjue mtoto, uanzie alipo, uyachukue mawazo yake kwa uzito, usiitoe sadaka siku yake ya leo bila sababu. Baada ya hapo unaweza kumwacha agundue, na unaweza pia kusimama mbele na kueleza hatua kwa hatua. Makala ya 2006 ya watafiti Kirschner, Sweller na Clark ilitoa hoja nzito kwamba mwanagenzi akiachwa atafute njia mwenyewe katika jambo jipya, kumbukumbu yake ya kazi, yaani ile nafasi ndogo ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi, hulemewa na hujifunza kidogo kuliko anayeongozwa. Baadhi ya wenzangu waliona hiyo ni shambulio. Mimi naiona ni taarifa juu ya mtoto, na ukimweka mtoto katikati huna budi kuipokea. Mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti, Lev Vygotsky, aliishaonyesha miaka ya 1930 kwamba la maana zaidi si lile mtoto analoweza peke yake leo, bali lile analoweza leo akisaidiwa na kesho ataliweza mwenyewe. Nafasi yako iko hapo, katika pengo hilo, nayo huhama kila wiki na kwa kila mtoto. Ndiyo sababu kazi hii inachosha kuliko kuhubiri ubaoni.

Namalizia na yule mzazi. Usimwambie kwamba mchezo ni haki ya mtoto ukaishia hapo, ingawa ni kweli, kifungu cha 31 cha Mkataba ule wa Haki za Mtoto kinasema hivyo. Anataka kujua mwanawe ataandika lini, na ana haki ya kujua. Mweleze jambo ambalo Vygotsky alilieleza vizuri. Mtoto akipanda fimbo na kusema ni farasi, amefanya tendo kubwa la akili: ameitenga maana na kitu, ameamua kitu kimoja kisimame badala ya kingine. Baadaye atachora duara lenye vijiti vinne na kusema ni mama. Baadaye tena atakubali kwamba alama isiyofanana na mama hata kidogo, herufi chache zilizopangwa mstarini, nayo inasimama badala ya mama. Fimbo, mchoro na neno lililoandikwa ni mwendo mmoja. Kisha mwonyeshe kilichotokea kwa mwanawe, si kwa watoto wa vitabuni: wiki hii alicheza duka, akaandika "risiti" kwa mistari ya kupindapinda, na jana katikati ya mistari hiyo ikatokea herufi ya kwanza ya jina lake. Ili uweze kumwonyesha hivyo, lazima uwe uliangalia na kuandika tarehe. Na kama mtoto wake ana miaka saba na bado hatambui herufi, usimjibu kwa nadharia ya mchezo. Mwambie utaanza kumfundisha herufi zipi, lini, na yeye nyumbani afanye nini.